Siku Mama Alipomfokea Afisa wa Kilimo

Mwaka ule wa korona shule zilifungwa, nami nikaacha kufundisha Kitale nikarudi nyumbani Myanga kumsaidia mama shambani. Asubuhi moja tulikuwa tukiandaa shamba la mahindi simu yake ikalia. Mwanamume alijitambulisha kuwa afisa wa kilimo, akasema jina la mama limo kwenye orodha ya wakulima watakaopewa mbolea na mbegu, kwa sababu korona ilikuwa imewafungia masoko.

"Ati selikali inanipa mbolea ya bure?" mama akauliza. "Wewe ni mwizi! Mama yako anajua kazi unayofanya?"

Akakata simu, akaendelea kulima huku amejaa fahari.

Jioni jirani yetu akapita na mfuko wa mbolea hiyohiyo kwenye baiskeli. Mama akamsimamisha, akamuuliza ameipata wapi.

Kesho yake tulienda kwenye duka la pembejeo. Afisa alikuwa mlangoni na orodha yake. Mama akavuta barakoa mpaka chini ya macho, akataja jina lake kwa kunong'ona.

"Ongea kwa nguvu, mama," afisa akasema. "Jana ulikuwa na sauti nzuri sana."

Nikaangua kicheko, na mama akacheka kuliko mimi, akamwambia afisa, "Pole, mwanangu. Wezi wa simu wametuchosha, bana."

Afisa mwenyewe alimfungia mifuko kwenye bodaboda. Wiki iliyofuata akaja kwetu, akala ugali kwa kuku, kisha akamwonyesha mama namna ya kuweka mbolea bila kuunguza mbegu.