Matundu ya Ilungu

Mwalimu Nestory alitufundisha historia katika shule ya kijiji chetu cha Kate, Ufipa, kwa fimbo na kwa kukariri. Simsemi vibaya, maana hata leo ukiniamsha usingizini nitakutajia nani aliboresha injini ya mvuke na mwaka gani. Flavian, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa anapata mia kwa mia.

Kitu kimoja hatukufundishwa. Nyuma ya shule, kwenye shamba la ulezi, palikuwa na ilungu, yaani tanuru la udongo, refu kuliko mtu, ambamo wazee wetu Wafipa waliyeyusha chuma cha majembe. Babu yake mwalimu mwenyewe alifanya kazi hapo. Lakini baba yake alikuwa katekista, na kwa kuwa wayeyushaji walianza kazi yao kwa dawa na matambiko, alimwonya mwanawe asiyataje mambo hayo mbele ya watoto. Mwalimu alitii. Miaka ishirini na minane alipita kando ya ilungu kila asubuhi, akaingia darasani kutufundisha viwanda vya Uingereza. Sisi tulidhani ni kichuguu, tukakipanda na kuchania nguo zetu huko.

Ikaja miaka ya ruksa, watu wakaachiwa kufanya biashara zao. Flavian alirudi kutoka Mbeya na mashine ya kusaga, akapewa kiwanja hapo hapo nyuma ya shule. Wanawake tuliozoea kubeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili tulimwombea heri, na nilikuwa wa kwanza kushangilia. Sasa injini ya dizeli inatikisa, hivyo msingi wake unataka kifusi kigumu. Flavian akaona kifusi kipo mlangoni.

Wakati huo nilikuwa nafundisha hesabu shuleni hapo. Tulisikia sururu tukiwa ofisini, na mwalimu akatoka mbio, chaki mkononi. Tulipofika, upande mmoja wa ilungu ulikuwa chini, na vibarua walikuwa wakizoa mavi ya chuma, yale makapi ya kuyeyushia, meusi yanayong'aa, kwenye makarai.

Flavian alimwamkia shikamoo kwa heshima zote. Mwalimu aliweka kiganja kwenye ukuta uliobaki.

"Flavian, hapa babu zako waliyeyusha chuma."

Flavian aliutazama ukuta, kisha akamtazama mwalimu. Hakuwa na ubishi hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mwalimu, mbona hukunifundisha? Ningejua, nisingeligusa."

Alisimamisha kazi saa ile ile. Lakini ukuta ulikwisha kupasuka. Mwalimu alikwenda wilayani kuomba msaada, akaambiwa aandike barua. Aliandika mbili, na hakuna aliyemjibu. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Tulisimama barazani tukiliangalia ilungu likimong'onyoka lote mpaka likawa tope, watu wazima wawili wenye vyeti vya ualimu, tusijue la kufanya. Nilimkasirikia sana mzee yule. Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi sikuwahi kuuliza.

Majuto ni mjukuu, na kwa Mwalimu Nestory alikuja na chaki. Jumatatu alifuta ubaoni somo la siku, akaniita nikae kiti cha nyuma ndani ya darasa la sita, akachora ilungu. Alieleza habari za babu yake, mkaa, udongo wenye chuma, hata zile dawa alizokatazwa kuzitaja. Sikuwahi kumsikia akifundisha vizuri namna ile. Kisha binti mmoja, Silvana, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, chini palikuwa na matundu mangapi ya kuingizia hewa?"

Mwalimu aliugeukia mchoro wake. Kisha akanitazama mimi, niliyeingiza mikono yangu kwenye matundu yale utoto wangu wote. Nikatikisa kichwa. Alimtuma kiranja kwa Flavian, na Flavian akawauliza vibarua wake: mmoja akasema manane, mwingine kumi, wa tatu akasema hakuangalia. Wazee waliowahi kuliwasha walikuwa wamelala makaburini wote, na wa mwisho wao, Mzee Adolfu, alikuwa jirani yake mwalimu mpaka Pasaka ya mwaka uliopita.

Mwalimu aliinua chaki, akaishusha.

"Andikeni," alisema. "Hatujui."

Wakainama wote, wakaandika.