Rangi za Chini za Mtaa wa Kanisani

Arlene Kniffen alipaka rangi nyumba za kijiji chetu cha Sloan's Basin kwa miaka arobaini na mbili, na hakuna nyumba aliyoigusa kabla ya kuichungulia kwanza. Alikuwa na kisu kidogo chenye ncha, na lenzi ya kukuzia vitu aliyoining'iniza shingoni kwa uzi. Alitafuta mahali pasipoonekana, nyuma ya bawaba au chini ya dirisha, akachimba tundu dogo kama sarafu mpaka kwenye mbao, kisha akahesabu mikono yote ya rangi, yaani matabaka, iliyowahi kupakwa pale. Kipande alichokitoa alikitia kwenye bahasha na kuandika juu yake nyumba, upande na tarehe. Bahasha hizo nilimuuzia mimi, kwa kuwa nilifanya kazi posta, na kwa miaka mingi nilidhani ana jamaa wengi wa kuwaandikia.

Kazi aliirithi kwa baba yake, Clyde. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa akikwangua fremu ya mlango wa posta yetu, akakuta chini kabisa buluu ambayo hakuwahi kuiona popote kijijini. Akamwita baba yake aje aone. Clyde akatazama, akamwambia aendelee kukwangua kabla mvua haijanyesha. Arlene akaendelea, lakini kipande kimoja kilibaki mfukoni mwake. Aliniambia kilichomsumbua hasa ni kwamba watu walipita mlango ule kila siku kuchukua barua zao, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Mtaa wa Kanisani ndio fahari yetu. Una nyumba ishirini na tatu zilizojengwa zamani na watu waliotajirika kwa biashara ya mashua za mizigo mferejini, na siku zile zote zilikuwa nyeupe, na mbao za madirisha za kijani kibichi. Tangu mtaa ulipotangazwa kuwa wa kihistoria, mtu habadilishi hata kitasa bila kuiomba kamati. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Winthrop Haskell, aliyetufundisha Kilatini na historia shuleni. Karibu kijiji kizima kilipita mikononi mwake. Arlene alipita kwa kujikokota, na hata alipofika miaka sitini na moja hakuweza kumwita kwa jina lingine ila mwalimu.

Masika ya mwaka ule, kijiji kikijiandaa kutimiza miaka mia moja sabini na tano, Bwana Haskell alimwita aipake upya nyumba yake. Nyeupe, bila shaka. Arlene akachimba nyuma ya bawaba ya dirisha la kaskazini. Akahesabu mikono kumi na mmoja ya nyeupe, na chini yake akakuta manjano, manjano ya kiini cha yai.

Alimweleza mzee barazani, wakinywa kahawa. Bwana Haskell akasema hiyo ni praima tu, rangi ya kuandalia mbao, mafundi wa zamani walichanganya chochote walichokuwa nacho. Arlene hakubishana. Alisema mbao bado zina unyevu wa theluji, zinahitaji wiki mbili zikauke, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Wiki hizo mbili alizitumia kugonga milango ya mtaa mzima, akiomba ruhusa ya kuchimba tundu moja moja. Watu walimkubalia kwa sababu wanamjua, na wengine walitoka nje kumtazama. Nyumba kumi na nne zilikubali. Mbili tu zilikuwa nyeupe mpaka chini. Nyingine zilianza maisha yao zikiwa za manjano, za rangi ya tofali, za majivu, na moja ilikuwa ya kijani cha mbaazi mbichi, mwenye nyumba akashika kichwa.

Kamati ilikutana katika ukumbi wa zimamoto. Arlene alipanga bahasha zake mezani, akaeleza aliyoyaona, kisha akaomba watu waruhusiwe kurudisha rangi za mwanzo. Bwana Haskell alimsikiliza kwa adabu. Halafu akatoa picha kubwa yenye fremu, picha ya kale kuliko zote tulizo nazo, ambayo kamati ya kwanza iliitumia kuandika sheria zake. Akaizungusha ili kila mtu aone. Nyumba zote nyeupe, akasema, ushahidi ndio huu.

"Mwalimu," Arlene akasema, "hiyo picha yenyewe haina rangi."

Ukumbi uliangua kicheko. Masikio ya Bwana Haskell yakawa mekundu. Akafunga mkutano bila kura, akaondoka na picha yake kwapani.

Wengine walimpongeza Arlene kwa siku kadhaa, lakini yeye hakufurahi. Alikuwa amesema tu alichokiona, bila nia ya kumfanya mzee wa miaka themanini na moja achekwe na watu aliowafundisha. Jumamosi alioka pai ya tufaha, akaenda kuomba radhi. Alimkuta ameegemeza ngazi ukutani, mguu mmoja tayari kwenye kipago cha pili.

"Shuka mwalimu, utaniangukia hapa."

"Basi nishikie. Na hicho kisu nipe."

Akampa kisu na lenzi. Bwana Haskell alichagua mahali pake mwenyewe, juu ya dirisha la sebule, chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo Arlene hakuwahi kugusa. Alichimba polepole, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo.

"Manjano," akasema.

"Manjano."

"Na si praima?"

"Tazama kwa lenzi. Unaona kimstari cheusi juu yake? Hayo ni masizi ya moshi. Rangi hiyo ilikaa nje miaka mingi kabla ya kufunikwa. Praima haipati masizi."

Mzee akatazama tena. Kisha akasema, bila kugeuka, "Kila mwaka nilileta watoto kwenye mtaa huu, nikawaambia wazee wetu walichagua weupe kwa sababu walipenda unyoofu. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi."

"Mimi niliyaandika kwenye mtihani. Ukanipa alama."

"Nyingi?"

"Ndiyo pekee niliyopata siku ile."

Bwana Haskell alicheka mpaka ngazi ikatetemeka, na Arlene akamwamuru ashuke kabla hawajaua mtu.

Mwezi uliofuata kamati ilipiga kura: mwenye nyumba anaweza kubaki na nyeupe, au kurudi kwenye rangi yoyote iliyothibitishwa chini. Nyumba ya Bwana Haskell ilikuwa ya kwanza kupakwa manjano, na wiki ya kwanza magari yalipunguza mwendo kuishangaa. Wengi hawakubadilisha. Wale wa kijani cha mbaazi walisema bora wahame. Mpaka leo ni nyumba tano tu zenye rangi za zamani. Kanisa nalo Arlene alilichimba mahali saba, akakuta nyeupe toka juu mpaka mbao, na jibu hilo lilimfurahisha sawasawa na yale mengine.

Ameshaacha kupanda ngazi sasa, magoti hayataki. Kinachomshughulisha ni nyumba iliyokuwa ya fundi viatu, ya mwisho kabla ya mfereji. Kati ya nyeupe na nyeupe pana mkono mmoja mweusi, nyumba nzima, pande zote nne. Nani anapaka nyumba yake yote nyeusi? Ameandikia maktaba mbili, wamemjibu kwa upole kwamba hawana kitu. Bwana Haskell, kabla hajafariki, alidhani ni msiba. Arlene anasema msiba haupakwi mpaka choo cha uani.

Juzi nilimpeleka kwa gari kwenye makao ya wazee, kumwona Bibi Ottilie Frear wa miaka tisini na saba, ambaye bibi yake alizaliwa jirani na nyumba ile. Tulikaa saa nzima tukisikia habari za paka. Arlene alipouliza kuhusu weusi, Bibi Ottilie alifikiri, akasema bibi yake hakuwahi kutaja rangi yoyote. Alichosema ni kwamba palikuwa na kiangazi kimoja nyumba ile ilinuka vibaya, hata majirani wakaanika nguo zao upande wa pili wa mtaa.

Arlene akaniomba bahasha. Nilikuwa nayo moja, ya bili ya umeme. Akaandika juu yake: ilinuka kiangazi kizima, huenda lami. Kisha akamuuliza Bibi Ottilie kama anakumbuka ni nani waliokuwa wakiishi upande ule wa pili, zilikoanikwa nguo.