Nilinong'ona "oranji", nikapewa chuma

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili, hata mama.

Asubuhi mjomba wangu, fundi wa umeme, alinituma dukani: "Lete tiyo za oranji." Ni yale mabomba ya plastiki ya rangi ya chungwa, ya kupitishia nyaya.

Duka lilijaa wanaume. Mnajua sauti yangu ilivyo ndogo! Nikanong'ona, "Za oranji."

Muuzaji akasikia "za hanga". Akapakia tiyo za chuma, nzito, za hanga, yale majengo makubwa ya mashine.

Kosa nililiona. Nikaona haya kusema.

Kwenye jengo jipya, hapa mtaani Kapata, injinia akagonga tiyo moja.

"Nani alichagua hizi?"

Nikajificha nyuma ya mjomba.

"Humu kutapita umeme mukali sana mpaka juu. Ningekuta plastiki, ningewafukuza bote. Ingeungua, batu bangekufa!"

Mjomba akanishika bega. "Tata injinia, mi nilisema plastiki. Yeye akaleta chuma. Mutoto wa masomo!"

Mafundi wakapiga makofi.

Mjomba kaamua: kuanzia kesho, nachagua tiyo zote peke yangu.

Nimeazima kitabu cha umeme, niko ukurasa wa pili. Tafadhali, mpaka nikimalize, msimwambie mjomba.