Matanga ya Mabao Manne

Aibu hii nilijitakia mwenyewe, na naisimulia leo kabla hamjaisikia kwa mke wangu, maana yeye akiisimulia hutia chumvi.

Chuo chetu cha Ibra kilicheza fainali na chuo kimoja cha Nizwa, tukafungwa manne kwa bila, na golikipa ni mdogo wangu Salim, ambaye aliporudi nyumbani alijifungia chumbani, siku ya pili hajala, anasema mpira basi. Mimi (mjuaji wa ukoo) nikaona dawa yake ni kumchekesha, nikawaandikia mashabiki wenzangu kwenye kundi la simu: "Leo matanga kwa kina Salim, Ibra, baada ya alasiri. Kahawa ipo." Nia ilikuwa tuichambue mechi, Salim asikie, atoke.

Wakaja sita, na kahawa haijamiminwa tulishagombana juu ya beki wa kushoto, mimi nimesimama na dele la kahawa mkononi naonesha alivyoteleza, mara nasikia magari nje, tena si moja. Kumbe mmoja wetu alimpelekea mama yake ule ujumbe, mama akampigia dada yake aliyeko mji wa Sur, na kwetu msiba ukisikika mtu haulizi nani, anaingia garini. Wakaingia wazee kumi na wawili, mbele yao Ami Nasor wa Sur, kaka wa marehemu baba, macho mekundu, na uani akina mama washaanza kulia.

Nikasema shikamoo.

"Nani?" aliuliza.

Nikamwambia hakuna aliyekufa, ami, tumefungwa mabao manne. Wallahi nasema hayo dele bado ninalo mkononi. Ami akaketi taratibu, akataka Salim aitwe. Akaja kichwa chini, anangoja kugombwa.

"Njia nzima kutoka Sur nakuhesabuni mmoja mmoja, nani katutoka," Ami alimwambia. "Kumbe mko wote. Basi mabao manne ndiyo nini?"

Salim akacheka, kisha akalia, kisha akaomba chakula. Mimi nilikaripiwa na kila mzee kwa zamu yake (haki yangu), na baada ya hapo hakuna aliyeondoka, walikaa mpaka magharibi wakituchambulia beki wa kushoto ambaye hawajapata hata kumwona.

Matanga siyafanyii mzaha tena, nimeapa mbele yao. Lakini kifua hunijaa kila nikikumbuka magari yale yalivyopangana kutoka mlangoni kwetu mpaka msikitini. Hao ndio watu wangu. Siku nikifa kweli, mpigieni nyinyi Ami Nasor mwambieni safari hii si mpira, maana mimi haniamini tena.