Dakika Nne za Baba Mkubwa

Nina jambo la kutubu. Baba mkubwa wangu wa Mwika, siku chache kabla hajafariki, aliacha maneno ya kuiaga familia. Nilimrekodi mwenyewe kwenye laptopu yangu, ile niliyoiwekea mfumo wa Linux na kuringa nayo Moshi mjini kote.

Laptopu hiyo ilikuwa na ugomvi ndani yake. Kadi ya sauti na modemu ya intaneti ziligombea njia moja. Ukiiwasha hii, ile inagoma. Asubuhi ya misa ya kumwombea, nikiwa bado mjini, niliizima kadi ya sauti ili niwatumie barua pepe wanawe walioko ng'ambo. Barua ikaenda. Nikajipongeza, nikapanda gari kwenda Mwika, nikasahau.

Baada ya misa, pale uani kando ya migomba, nikatangaza kwa madaha, "Sasa tumsikilize baba." Nikabonyeza. Kimya. Katekista akadhani tunaanza kwa kumkumbuka kimya kimya, akasimama na kuinamisha kichwa. Wote wakasimama. Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikainamisha changu. Tulisimama dakika nne nzima, urefu wa rekodi yenyewe, kisha watu wakasema, "Amina."

Mama mkubwa, mjane wake, akanishika mkono huku machozi yakimtoka.

"Mwanangu, masikio yangu yamekwisha kabisa. Sikusikia hata neno moja. Hebu niambie, baba yako amesema nini?"

Nikainama kuifunga laptopu. Akamgeukia katekista.

Katekista akanitazama mimi.