Tak ya Pili

Fundi wa mabomba hapa ghalani kwetu haamini binadamu, anaamini mlio. Kila kiungio kina masikio mawili ya chuma: unasukuma bomba ndani, unayalaza masikio, na kila moja likishika linasema "tak". Yeye huinama akazihesabu tak zote mbili, kisha huchomeka pini kwenye kila sikio lisije likainuka. Pini za akiba huzibana kwa meno, kwa hiyo matusi yake yote hutokea pembeni mwa mdomo. Jana meneja alishindwa kuvumilia. "Fungulia mafuta bwana, lori linasubiri!"

"Sijasikia tak ya pili. Bomba likichomoka litakung'oa meno, na mimi meno sichomeki." Akalilaza upya sikio la kushoto. Tak! Akachomeka pini zake, akasimama mikono kiunoni, kifua mbele, tumtazame. Dada wa mizani akamkagua toka juu mpaka chini, macho yakatua katikati.

"Fundi, na hiyo zipu yako imesema tak ngapi?"

Akainama kuangalia. Bila haya akachomoa pini moja mdomoni, akaichomeka palepale, akatega sikio.

"Haya," akasema, "sasa fungulieni."