Mbao za Jukwaa

Jina la Mama Randa alipewa na shemeji yake. Siku ya kwanza alipomkuta mke wa kaka yake ameinama juu ya ubao, anasukuma randa, maranda yanamrukia mpaka kwenye nywele, alishika kiuno akasema, "Haya! Kaka yangu hakuoa mke, ameoa karakana." Mtaa mzima ulicheka, na jina likaganda.

Useremala aliufundishwa na baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume wala hakumtafuta. Mume alifariki binti yao akiwa bado ananyonya. Akabaki na huyo binti, na karakana ya mabati nyuma ya nyumba, na shemeji. Shemeji huyo watu walimwita Kibiriti: mwembamba, kichwa kidogo, na ukimgusa kidogo tu anawaka. Alikuwa mchekeshaji wa kikundi cha maigizo cha mji ule, na ndiye aliyemwingiza Mama Randa kikundini ili awajengee majukwaa.

Ukumbi wao ulikuwa ghala la zamani la pamba. Chumba cha ubavuni walikaa wachoraji, cha nyuma bendi ilifanya mazoezi, na ghala lenyewe lilikuwa la waigizaji. Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele hata usimsikie aliye karibu nawe. Kiongozi wao walimwita Mwalimu, kwa kuwa alistaafu kufundisha hesabu. Kuigiza hakujua hata kidogo. Alijua kugomba, na watu walimpenda kwa hilo, maana bila yeye hakuna aliyefika kwa wakati.

Ugonjwa ulipoingia nchini walikuwa wanaandaa mchezo wa mfalme aliyekataa kuzeeka. Mama Randa alikuwa amewajengea kasri: ngazi, kiti cha enzi, kuta za plaiwudi zilizopakwa rangi ya mawe, na mlango mkubwa wa mbao nzito wenye mabawa mawili. Binti yake, aliyekuwa ameshakuwa mwanamke, angeigiza malkia. Kwake ilikuwa mara ya kwanza kupewa sehemu kubwa, na angetokea kwa mlango ule. Kibiriti angekuwa tabibu wa mfalme.

Siku chache kabla ya onyesho, redio ilitangaza kwamba mikusanyiko yote imepigwa marufuku. Mwalimu akafunga ghala kwa kufuli mbili.

"Ni kwa muda tu," aliwaambia pale nje. "Msisahau maneno yenu."

Mwanzoni walijitahidi. Mwalimu aliwataka waigize kwa simu, kila mtu nyumbani kwake, kisha vipande viunganishwe. Malkia akajirekodi chumbani, mfalme jikoni kwake huku mkewe anakaanga vitunguu. Kibiriti alisema mizaha yake mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye ndoo, akangoja kicheko, hakikuja.

"Shemeji, nimejiona kama mwehu," alimwambia Mama Randa. "Nachekesha ndoo."

Baada ya hapo maji yalizidi unga. Mpiga gitaa aliuza gitaa akanunua baiskeli ya kubebea mizigo. Waimbaji wawili wakarudi kwao kulima. Kibiriti alipata kazi idara ya afya: kuzunguka mitaani na kipaza sauti, kuwaambia watu wanawe mikono na wavae barakoa. Alilifanya tangazo lile kuwa mchezo. Aligombana na sabuni. Aliikimbia barakoa yake mwenyewe kana kwamba inamdai mahari. Watu walitoka vibarazani, wakacheka kwa mbali, na kwa mara ya kwanza tangu ghala lifungwe akarudi nyumbani macho yanang'aa.

"Nimepata ukumbi mkubwa kuliko wote," alisema. "Hauna kufuli."

Kisha watu wakaanza kufa hapo hapo mtaani, siyo tena wale wa kwenye redio. Mtengeneza majeneza wa karibu na hospitali aliishiwa mbao, kwa sababu malori yalizuiwa njiani, halafu akaugua mwenyewe na karakana ikafungwa. Asubuhi moja mama wa cherehani, jirani wa mtaa wa pili, alikuja akasimama nje ya uzio wa Mama Randa. Hakukaribia. Barakoa yake ilikuwa imelowa kwa machozi.

"Mume wangu amefariki," alisema. "Hospitali wananipa leo tu kumzika. Mama Randa, sina pa kumlaza."

"Mbao sina, dada. Nina vipande tu, hata stuli havitoshi."

"Najua. Nimezunguka mji mzima. Nimekuja kwako kwa sababu nimechoka kurudi mikono mitupu."

Mama Randa alimtazama. Kisha akafunga kanga yake vizuri akaenda kwa Mwalimu kuomba funguo.

"Za nini?" Mwalimu aliuliza kupitia dirishani.

"Kasri."

Mzee alishika nondo za dirisha. "Lile tulilijenga msimu mzima."

"Nililijenga mimi, Mwalimu. Na nitalibomoa mimi."

Funguo zilipitishwa dirishani, ndani ya kikombe. Lakini alipokuwa ameanza kung'oa bawaba za mlango mkubwa, alisikia kikohozi cha kubisha hodi, akageuka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala na nyundo mkononi. Waling'oa pamoja. Misumari walikuwa wanainyoosha na kuihifadhi, kwani maduka ya vifaa yalikuwa yamefungwa. Kabla jua halijapinda, mume wa mama wa cherehani alilazwa ndani ya mlango wa kasri.

Binti alipojua alikuja juu.

"Mama! Mlango ule ndio ningetokea nao mimi!"

"Ametokea nao mwingine, mwanangu," Mama Randa alisema.

Habari huenda upesi. Kesho yake walikuja wengine, na kesho kutwa wengine zaidi. Ngazi zikaenda. Kiti cha enzi kikaenda, kilitosha mtoto. Zikafuata kuta za mchezo huu, kisha mandhari za michezo ya zamani zilizokuwa zimeegemezwa nyuma: kibanda cha mganga, nusu ya merikebu, mahakama yenye kizimba. Mchoraji mmoja wa chumba cha ubavuni alikuja akaweka makopo yake kwenye pembe ya karakana. Aliyezoea kuchora nyuso za waigizaji kwenye mabango sasa aliandika majina ya marehemu juu ya vibao vya makaburini. Aliandika vizuri, kwa herufi zenye mkia, na wafiwa walimshukuru. Yeye alikuwa akirudi nyumbani anatapika.

Na binadamu hawakosi neno. Wale wale waliokuja wakilia walisikika baadaye wakisema kufa kufaana. Watu wakavuka barabara wakimwona Mama Randa anapita, kana kwamba anawapima kwa macho. Aliyekuwa ameagiza kabati kabla ya ugonjwa alituma mtu kusema halitaki tena. Sokoni alisikia mwanamke anamwambia mwenzake, "Yule pale, Mama Jeneza." Akanunua nyanya zake akaenda zake.

Kibiriti ndiye pekee aliyemfanyia utani kuhusu jambo lile. "Shemeji," alisema, amesimama mbali, nje ya uzio, kipaza sauti begani, "zamani mashabiki wako walikuwa wanakaa. Siku hizi wanalala kabisa."

"Toka hapa, mchawi wewe," alijibu, na akajishangaa anacheka.

Wiki ile ile Kibiriti alishikwa na homa. Alisema ni vumbi la barabarani. Kisha akashindwa kupanda ngazi mbili za kibarazani kwake, wakamchukua hospitali, na hakuna ndugu aliyeruhusiwa kuingia. Mchana mmoja simu ya Mama Randa ililia. Ilikuwa namba ya shemeji, na nyuma ya sauti yake ilisikika mashine inayopuliza.

"Shemeji."

"Usiseme sana. Pumzika."

"Nina oda." Akavuta pumzi, ikachukua muda. "Nipimie refu kidogo. Sitaki kukunja magoti. Maisha yangu yote nimelala vitanda vifupi."

"Acha upuuzi. Utarudi."

"Naam. Nitarudi. Lakini ukipima, usisahau."

Alitaka kumjibu kwa mzaha, maana ndivyo walivyozoea kuzungumza tangu alipoolewa, lakini mzaha haukuja. Akasema tu, "Sitasahau, shemeji." Kesho yake asubuhi hospitali walimpigia simu Mwalimu, na Mwalimu akaja kwa miguu mpaka karakana. Mama Randa alipomwona amevua kofia, aliweka msumeno chini.

Ghala lilikuwa tupu. Hapakuwa na ukuta, ngazi wala kizimba. Alizunguka mara mbili akitafuta ubao aliousahau, kisha akasimama mbele ya jukwaa lenyewe. Mbao zake zilikuwa nene, za miaka mingi, zimelainishwa na nyayo.

"Sakafu hapana," Mwalimu alisema.

Mama Randa aliinama akagusa ubao. Alikuwa analia kimya kimya, machozi yanaingia ndani ya barakoa. Mwalimu alitazama jukwaa kwa muda mrefu. Mwisho akavua koti, akalitundika kwenye msumari.

"Basi anza upande wa kulia," alisema. "Huko ndiko alikopenda kusimama."

Aliliunda jeneza lile kwa vipimo halisi vya shemeji, akaongeza kiganja kizima. Binti yake alikuja bila kuitwa, akashika upande wa pili wa msumeno mpaka likaisha.

Wahenga walisema kilio cha wengi ni harusi. Kilio hiki kilikuwa cha wengi kweli, kila nyumba ilikuwa na wake, ila hakuna aliyeruhusiwa kwenda kwa mwenzake. Makaburini waliruhusiwa watatu tu: Mama Randa, binti na Mwalimu, nao wasimame mbali. Wanaume wa idara ya afya, wamevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, walilishusha jeneza kwa kamba, likakwama. Kaburi lilichimbwa kwa kipimo cha kawaida. Ikabidi walitoe, waliweke juani, mmoja aende kutafuta jembe.

Wakangoja. Mwalimu alisafisha koo.

"Huyu hajawahi kutoka jukwaani kwa wakati," alisema.

Hakuna aliyecheka. Lakini binti aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na hata mama yake hakujua kama ni kilio au ni kingine.

Ghala lilifunguliwa tena baada ya zaidi ya mwaka. Nusu ya watu hawakurudi. Mpiga gitaa alisema baiskeli inamtosha. Mmoja wa waimbaji alikuja, akajaribu kupanda noti ya juu, pumzi ikamkatika njiani. Akaomba radhi akaondoka. Aliyeigiza mfalme alikuwa amefariki. Upande wa kulia wa jukwaa palikuwa na shimo refu, na chini yake unaona udongo na makopo ya rangi yaliyodondoka.

"Utuzibie," Mwalimu alimwomba.

"Nitaziba. Siyo sasa."

Hakumlazimisha. Waliamua kuigiza uani, chini, bila kasri wala mapazia, viti vimeachiana nafasi. Mwalimu mwenyewe alilazimika kuwa mfalme, akasema maneno yake kama anasoma jedwali la kuzidisha. Binti alikataa umalkia. Alichukua sehemu ya tabibu, ya baba yake mdogo.

Alasiri ile watazamaji walikuwa wachache, wengi bado na barakoa. Mama Randa alisimama nyuma ya mlango wa ghala kusikiliza. Mwanzo palikuwa kimya. Tabibu alimpima mfalme ulimi, akasema neno lake, na mtu mmoja akacheka. Kisha wawili. Kisha ua mzima ukalipuka, kicheko kile kikubwa cha zamani, na Mama Randa akahisi hasira inampanda kama moto. Watu hawa wanachekaje? Kwa midomo gani? Akapita mlango wa nyuma akatoka nje, akakaa juu ya jiwe kando ya ukuta, mikono imeziba masikio.

Alipoinua uso, mama wa cherehani alikuwa ameketi karibu yake.

"Na mimi nimeshindwa," alisema. "Nimecheka, halafu nikaona aibu, nikatoka."

Wakakaa. Upande wa pili wa ukuta watu walicheka tena.

"Kile kitanda tulicholala na marehemu nimekitoa," mama wa cherehani alisema baadaye. "Nalala chini. Mgongo umenishinda. Nitengenezee kingine."

"Watu hawataki vitu vyangu siku hizi, dada."

"Mimi nakitaka."

Ilikuwa oda yake ya kwanza isiyo jeneza tangu mlango wa kasri. Mbao zilikuwa zimeanza kuja, nyeupe, zinanuka utomvu. Alipima, akakata, akapiga randa, na alipoziunganisha akarudi nyuma kidogo akatazama. Mikono yake ilikuwa imekata kwa upana ule ule iliouzoea, wa jeneza. Alikaa chini juu ya maranda, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza, mpaka binti akatoka jikoni mbio. Kisha akazitupa mbao zile kando, akaanza upya.

Waliobeba kitanda ni yeye na binti yake. Mlangoni kwa mama wa cherehani kiligoma kuingia. Wakakigeuza ubavu, wakafungua bawaba za mlango, wakasukuma mpaka kikapita na kuchubua rangi ya ukuta.

"Mbona kipana hivi?" mama wa cherehani aliuliza, anapangusa jasho. "Mimi niko peke yangu."

"Nilitaka uweze kujigeuza," Mama Randa alisema.